Franka ya kidijitali: nani atashika ufunguo wa makuta ya Kapata?

KOLWEZI, Lualaba. Jioni kule Kapata mambo ni yale yale kila siku. Wachimbaji wa mikono wanarudi na vumbi mwilini, depo zinalipa, na kando ya njia vijana wamekaa chini ya miavuli, kila mmoja na simu zake tatu au nne: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Mama anayetaka kumtumia mtoto wake makuta ya kulipa chumba Lubumbashi anatoa noti za franka, zingine zimebandikwa skochi katikati, kijana anazihesabu. Halafu rezo inakatika. Mama anangoja. Kijana anainua simu juu, anaizima, anaiwasha tena. Jua linatua, na unga haujanunuliwa bado.

Mazungumzo juu ya franka ya kidijitali yanapaswa kuanzia pale chini ya mwavuli, si katika hoteli za Kinshasa.

Jambo lenyewe ni nini? Noti ya franka 10,000 ni ahadi ya Banki Kuu ya Congo. Makuta yaliyo ndani ya simu leo ni ahadi ya kampuni ya simu, na kampuni inatakiwa kuwa imeweka kiasi hicho banki. Franka ya kidijitali ingekuwa ahadi ya Banki Kuu yenyewe, lakini bila karatasi: raia angekuwa na akaunti au pochi ndani ya simu, na kila franka iliyomo ingetoka Banki Kuu moja kwa moja. Sio Bitcoin, ambayo haina mwenye kuisimamia na bei yake inaruka kila siku. Hii ingekuwa franka ile ile, thamani ile ile, ila haishikiki kwa mkono.

Kwa sasa hakuna mtu Kolwezi mwenye franka hiyo. Lakini wazo limeshazunguka. Desemba 2022 ilitangazwa kwamba serikali ya Kinshasa, kupitia wizara ya mambo ya dijitali, inafikiria kutengeneza sarafu ya kidijitali ya taifa juu ya mtambo wa kigeni unaoitwa TON. Nchi nyingine za Afrika zimeenda mbali zaidi ya maneno. Kwa hiyo ni afadhali watu wa Kapata, wenyeji na waliohamishwa, waseme neno lao mapema. Mambo mengi yanayowahusu huwafikia yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na kwenye depo watu walijua siku ile ile kwamba bei imekufa. Hakuna aliyekuja kuwauliza.

Tuseme kwanza yaliyo mazuri, kwa sababu yapo. Kutuma makuta kwa simu kunakatwa, na kuyatoa kunakatwa tena. Anayetuma kidogo kidogo, kama wafanyavyo wengi, anapoteza zaidi. Banki Kuu haitafuti faida kama kampuni. Ikitaka, inaweza kufanya malipo madogo yawe bure. Mwalimu wa kijijini asingehitaji kupoteza siku mbili njiani kufuata mshahara wake. Familia inayotolewa kwenye nyumba yake kwa sababu mgodi unapanuka ingeweza kupokea fidia moja kwa moja, bila mkono wa katikati unaopunguza. Wale wa Kasulo mwaka 2017, na wale wa cité Gécamines ambao mgodi wa COMMUS umewafikia mlangoni, wanajua vizuri kwamba kati ya kiasi kinachotajwa mkutanoni na kiasi kinachofika mfukoni kunaweza kuwa na safari ndefu.

Basi kwa nini watu wanakunja uso wakisikia habari hii? Wengine mjini wanasema ni ujinga, kwamba raia hawajasoma. Si kweli. Watu wa hapa wanakumbuka, na kukumbuka ni elimu.

Kabla ya banki yoyote kufika, mababu wa nchi hii ya shaba walikuwa na makuta yao: misalaba midogo ya shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa hapa hapa Katanga. Hata serikali ya Tshombe mwaka 1961 iliweka alama ya msalaba huo kwenye sarafu zake. Uzuri wake ulikuwa kwamba hakuna aliyeweza kuufuta. Mfalme akianguka, shaba inabaki shaba.

Karatasi ilikuja na tabia nyingine. Desemba 1979 Mobutu alifuta noti za zaire 5 na zaire 10. Mipaka ikafungwa, watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kiasi chenye kikomo. Aliyekuwa mjini karibu na banki aliokoa kitu. Mkulima aliyekuwa mbali, akiwa ameficha mavuno ya miaka mingi ndani ya chungu, alibaki na karatasi za kuwashia moto. Mwishoni mwa 1992 ikatoka noti ya zaire milioni 5. Wauzaji wakaikataa, askari waliolipwa nayo wakakasirika, na Januari 1993 Kinshasa ikaporwa na damu ikamwagika. Oktoba ya mwaka ule ule ikaletwa zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani.

Na hapo kuna jambo ambalo familia nyingi za Kolwezi zinalijua kutoka ndani. Katika miaka ile ile ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala kwenye vituo vya treni hapa Kolwezi na kule Likasi wakingoja mabehewa. Kasai nayo ilikataa zaire mpya ikaendelea na noti za zamani. Kwa hiyo mtu aliyefukuzwa akiwa na makuta mapya mfukoni aliweza kushuka treni mahali ambapo makuta hayo hayanunui hata muhogo. Nchi moja, makuta mawili. Aliyeumia zaidi ni yule aliyekuwa njiani.

Mtu anaweza kujibu: hayo ni ya zamani, Mobutu amekwisha kufa, franka ya sasa ipo tangu 1998. Sawa. Basi tuje karibu.

Septemba 2020 ilianza ile kodi ya RAM, ya kuandikisha simu. Dolari 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dolari 7 kwa simu ya 3G au 4G. Haikuwa kodi ya kwenda kulipa kwenye ofisi na kupewa karatasi. Ilikatwa kwenye yunite. Mtu ananunua yunite asubuhi ili ampigie daktari au mteja, anaangalia, zimepungua. Hakusaini kitu, hakuulizwa, na wengi hawakuelewa makuta yao yamekwenda kwa nani. Kelele zilipigwa barabarani, kelele zilipigwa bungeni, na ilichukua mpaka mwanzo wa 2022 kodi hiyo kusimamishwa. Ni karibu mwaka mmoja na nusu.

Ni kodi ndogo ukiilinganisha na mambo mengine, lakini funzo lake ni kubwa. Ilionyesha kwamba mahali ambapo serikali inaweza kufikisha mkono ndani ya simu bila kugonga mlango, itaufikisha. Na zile zilikuwa yunite tu, ambazo zilikuwa mikononi mwa kampuni za simu. Franka ya kidijitali ingekuwa ndani ya daftari la Banki Kuu yenyewe. Akiba yote ya mama muuza mboga, bila mtu wa katikati wa kukataa. Mtetezi wa mradi atasema sheria itazuia. Lakini ni lazima sheria hiyo ionekane kwanza, iandikwe kwa lugha ambayo raia anaisoma, kabla ya programu yoyote kuwekwa kwenye simu.

Jambo la pili limetokea Kivu, na kati ya wanaosoma na kusikiliza haya wamo walioliona kwa macho. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Banki zilifunga milango. Mfanyakazi ambaye mshahara wake ulikuwa ndani ya akaunti alikuwa tajiri kwenye karatasi na maskini sokoni. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta banki iliyo wazi. Kilichowasaidia wengi ni makuta ya simu: ndugu wa Kinshasa, wa Lubumbashi, wa hapa Kolwezi waliweza kutuma, na aliye Goma akapokea. Hata hivyo noti zilikuwa haba, na mwenye kutaka kuzitoa alikubali kupoteza sehemu.

Kisa hicho kina pande mbili, na mwenye haki hawezi kusimulia upande mmoja tu. Upande wa kwanza unaisifu dijitali: bila simu, maelfu ya familia zingelala njaa. Lakini upande wa pili unauliza swali zito. Banki za mji ule zilifungwa kwa sababu za kivita ambazo serikali inaweza kuzieleza: kuzuia makuta ya taifa yasiangukie kwa waasi. Sasa fikiria makuta yote yangekuwa franka ya kidijitali, katika mtambo mmoja, wenye ufunguo mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo, kwa nia hiyo hiyo njema, mtu mmoja ofisini angeweza kuzima pochi zote za eneo zima kwa kubonyeza mara moja. Waasi wangepata njia nyingine, kwa kuwa wana dolari, wana madini, wana mpaka. Aliyebaki na pochi iliyozimwa angekuwa mwalimu, muuguzi, mama mwenye watoto watano kwenye hema.

Hofu hii si ndoto. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, pamoja na ujumbe mfupi wa simu, na ilikaa hivyo karibu wiki tatu. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia uongo kuhusu matokeo. Nani atahakikisha kwamba uchaguzi ujao hautazima na unga?

Kuna wanaosema Kapata itakuwa na rezo nzuri siku za mbele. Labda. Kolwezi imezungukwa na umeme: Nzilo iko jirani, N'Seke iko jirani, Busanga imejengwa juzi, na nguzo za laini inayotoka Inga zinaishia hapa baada ya kilomita zaidi ya 1,700. Na bado nyumba nyingi za mitaa zinalala gizani, simu zinachajiwa kwa jirani mwenye sola. Umeme unapita juu ya vichwa kwenda migodini. Kama shaba na kobalti ya hapa zinaingia kwenye betri za simu za dunia nzima, inachekesha kidogo kwamba tatizo la kwanza la makuta ya simu hapa ni betri.

Na kitambulisho? Ili kufungua pochi ya Banki Kuu, lazima mtu ajulikane. Nchi hii haijawapa raia wake wote kadi ya utambulisho. Inayotumika ni kadi ya mpiga kura, na zile za 2023 ni zile ambazo wino wake ulikuwa unafutika wenyewe mpaka uso wa mtu hauonekani. Aliyekimbia usiku hata hiyo hakuibeba. Noti haiulizi jina. Mtu akifika Kolwezi bila karatasi yoyote, akibeba mizigo siku nzima na kulipwa franka elfu kadhaa, jioni anakula. Kwa familia zilizohamishwa, hilo ndilo jambo la kwanza kabla ya faida zote za kidijitali.

Halafu kuna dolari. Watu wa Banki Kuu hawapendi kulizungumzia sana, lakini ndiyo banki ya kweli ya raia. Bei ya nyumba, ya kiwanja, ya mahari, ya madini kwenye depo, zinahesabiwa kwa dolari hata kama malipo yanatolewa kwa franka. Karibu akiba zote katika banki za nchi hii ni dolari. Hata kampuni za simu zinaelewa: M-Pesa ya hapa ina mfuko wa franka na mfuko wa dolari. Franka ya kidijitali ingekuwa na mfuko mmoja. Kweli, mwaka 2025 franka ilipata nguvu, na waliokuwa na dolari chini ya godoro waliona zinanunua kidogo kuliko jana. Lilikuwa jambo geni. Lakini imani ya miaka thelathini hairudi kwa miezi michache. Mtu anakataa dolari yenye mpasuko mdogo kama kucha, na papo hapo anapokea franka iliyooza. Hilo linaeleza anaweka nini na anatumia nini. Kuifanya franka iwe ya kidijitali hakutambadilishia hesabu hiyo. Makuta ambayo mtu hataki kuyaweka chini ya godoro hatataka kuyaweka ndani ya simu.

Nigeria imetoa funzo hilo kwa gharama yake. Oktoba 2021 ilizindua eNaira kwa sherehe kubwa. Mwaka 2023 wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa waliandika kwamba katika wiki yoyote, pochi 98.5 kati ya kila 100 zilikuwa hazitumiki. Mwanzoni mwa 2023 serikali hiyo ikaondoa noti za zamani haraka kuliko ilivyotoa mpya. Watu walilala kwenye foleni za banki, biashara ndogo zikasimama, mpaka Mahakama Kuu ya nchi ikaamua mwezi Machi kwamba noti za zamani ziendelee. Kuondoa karatasi ili watu waingie kwenye dijitali ni kuwatoa nje ya nyumba kabla nyingine haijaezekwa. Hapa Kolwezi mfano huo hauhitaji maelezo.

Kenya, ambako M-Pesa ilizaliwa mwaka 2007, ilikwenda polepole. Februari 2022 Banki Kuu yake ilitoa andiko na kuwauliza wananchi maoni. Juni 2023 ikasema kwamba sarafu ya kidijitali si jambo la haraka kwao, kwa kuwa matatizo ya malipo yanaweza kutatuliwa kwa njia zilizopo. Nchi iliyotangulia wote kwa makuta ya simu ikaona haina haja ya kukimbia. Ghana nayo, mwaka 2022, ilichukua e-cedi yake mpaka Sefwi Asafo, mji mdogo wa mashambani, kujaribu kama malipo yanaweza kupita bila intaneti. Angalau walikwenda mahali ambapo shida ipo.

Basi raia wa Kapata aseme ndiyo au hapana? Jibu la haki kwa sasa ni hapana, mpaka mambo manne yawe yameandikwa katika sheria na si katika hotuba. Noti zibaki, na muuzaji asiruhusiwe kuzikataa. Hakuna franka inayotolewa kwenye pochi ya mtu bila yeye kukubali au bila jaji kuamuru, kwa jina la mtu huyo mmoja. Kamwe si kwa eneo, kwa kabila, kwa mji. Pochi ndogo ifunguliwe bila kadi, kwa kiasi kidogo kinachotosha chakula na safari, ili aliyekimbia asibaki nje. Na makuta yasiwe na tarehe ya kufa. Hili la mwisho si utani: Oktoba 2020, mjini Shenzhen, China iligawa yuan za kidijitali kwa watu 50,000, kila mmoja 200, na ambaye hakuzitumia kwa siku chache alinyang'anywa. Msaada wa namna hiyo ukipewa familia ya wahamishwa, ambayo kazi yake kubwa ni kuweka kidogo kwa ajili ya kesho isiyojulikana, unawafundisha kula kila kitu leo.

Wakati sheria hiyo inangojwa, Banki Kuu ina kazi nyingine ambazo hazihitaji mtambo wa kigeni. Ilete noti ndogo mpya Lualaba, ili zile zilizooza zitoke sokoni. Izilazimishe kampuni za simu zipunguze wanachokata kwa anayetuma kidogo. Ihakikishe makuta ya Vodacom yanapita kwenda Airtel na Orange bila adhabu. Hayo yote mama wa Kapata angeyaona kesho asubuhi.

Na kama bado wanataka kujaribu franka yao mpya, wasiijaribu Gombe, kati ya jengo la banki na jengo la wizara. Waje Kapata. Waje jioni, wakati wachimbaji wanarudi na rezo imekatika, na wajaribu kumlipa mama muuza mboga franka 500.